Nyumba Isiyo na Msumari

Watu wa mtaa ule walimwita Kigingi, na wengi wao walishasahau kwamba alikuwa na jina jingine. Jina hilo lilimganda tangu ujana wake, kwa sababu alikuwa seremala asiyetumia msumari. Kitanda, kabati, mlango, hata kigoda cha kukalia mtu anayemenya viazi, vyote alivishikanisha mbao kwa mbao. Ulimi wa ubao huu uliingia katika tundu la ubao ule, kisha kigingi chembamba cha mti mgumu kikapigwa katikati kufunga kazi. Ukimuuliza kwa nini anajitesa hivyo wakati misumari inauzwa dukani kwa kilo, alikutazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Msumari ni wa mtu mwenye haraka," alisema. "Mimi nakwenda wapi?"

Na kweli hakuwa akienda popote. Kwa miaka thelathini na moja alikaa katika kiwanja kimoja, ndani ya nyumba ya mbao aliyoijenga mwenyewe: sebule, chumba cha kulala na jiko, na kibaraza mbele kinachopata jua la asubuhi. Nyumba nzima haikuwa na msumari hata mmoja. Mvua zilipiga, upepo ukatikisa mabati ya watu, lakini ile nyumba ilitoa sauti ndogo tu, kama mtu anayejigeuza usingizini, halafu ikatulia.

Kiwanja chenyewe alikipata kwa kazi ya mikono, na balaa lilijificha hapo hapo. Mzee mmoja mwenye ardhi upande ule alikuwa amejenga nyumba kubwa ya matofali, akaishiwa nguvu kabla ya kufika kwenye milango. Wakapatana. Kigingi atamtengenezea milango kumi na mmoja na madirisha kumi na manne, na mzee atamkatia kiwanja. Wakapeana mikono, wakanywa chai, yakaisha. Karatasi haikutajwa. Nani angetaja karatasi mbele ya mtu anayemmiminia chai?

Ndani ya nyumba ile mkewe alipoteza macho. Hayakuondoka siku moja. Giza lilianzia pembeni, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na mwishowe hata tundu likazibwa. Lakini kwa kuwa lilichukua miaka kumi, mama yule alipata muda wa kuisoma nyumba yake kwa vidole. Alijua kifundo cha mti kwenye nguzo ya sebule, kilichomfika kifuani, kwamba ukikigusa unageuka kushoto kwenda jikoni. Alijua ubao unaolia mbele ya kitanda. Kutoka mlangoni hadi bombani zilikuwa hatua kumi na tisa. Kwenye hatua ya kumi na moja mguu ulikutana na jiwe bapa, akapinda kulia, akafika.

Majirani wengi hawakujua kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusalimia, maana alizijua nyayo za kila mtu. Jirani mmoja alimaliza miaka miwili akimletea sindano amtungie uzi, na mama akaupitisha kwa ncha ya ulimi, akairudisha.

"Una macho mazuri wewe," jirani alisema.

"Nashukuru," mama akajibu, na Kigingi aliyekuwa akipiga randa pale kibarazani ikabidi ainame acheke ndani ya maranda.

Basi yule mzee mwenye ardhi akafariki. Mwanawe mkubwa akarudi kutoka alikokuwa akifanya kazi, akahesabu viwanja vya baba yake, akakuta kimoja kina nyumba ya mbao. Akadai. Kigingi alidhani ni mambo ya kuzungumza, akaenda kwake, akabisha hodi kwenye mlango alioutengeneza yeye mwenyewe. Kijana alikataa kuufungua. Walikutana mbele ya hakimu.

Kesi ile haikuchukua muda. Kigingi alisema milango, alisema madirisha, alisema chai. Wakili wa yule kijana akasimama na kusema neno moja lililomchoma Kigingi kuliko yote: "Mheshimiwa, mtu aliyenunua ardhi hujenga. Huyu hakujenga, alisimamisha mbao tu, kama mtu anayejua iko siku ataondoka." Hakimu akaona hoja ina uzito, akaamua kiwanja ni cha marehemu, na seremala alikuwa ameazimwa tu.

Kigingi alirudi nyumbani, akawa hali chakula. "Ati nilisimamisha," alimwambia mkewe. "Bibie, unasikia? Ati nilisimamisha!"

"Nimesikia, fundi. Kula."

"Yule kijana akikohoa, milango niliyomtengenezea baba yake inatikisika? Haitikisiki! Ni mimi niliyei..."

"Kula kwanza."

Walimpata wakili, mwanamke mpole wa sauti, ofisi yake ikiwa juu ya duka la rangi. Alimweleza Kigingi taratibu, kama unavyomweleza mtu njia. Rufaa ameshaikata. Lakini rufaa inakwenda polepole, na yenyewe haimzuii mwenye ushindi kuwatoa. Dalali wa mahakama anaweza kuja kesho na vijana wenye nyundo. Kwa hiyo inabidi waende kwa jaji kuomba hukumu isitekelezwe kwanza, mpaka rufaa isikilizwe.

"Na jaji atataka kujua jambo moja, mzee wangu," alisema. "Mkitolewa leo, halafu mwakani mkashinda, ni kitu gani mtakuwa mmepoteza ambacho hakirudi tena? Hicho ndicho nataka tukiandike kwenye hati ya kiapo."

Kigingi alijua jibu kabla swali halijaisha. Mkewe asiyeona atatolewa katika mahali pekee duniani anapoona. Lakini alisema tu, "Nipe siku moja, mwanangu."

Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa akipepeta mchele, anatoa chuya kwa vidole, moja moja. Akamweleza yote. Mama aliacha kupepeta.

"Macho yangu usiyapeleke mahakamani," alisema.

"Bibie, ndiyo yatakayo..."

"Nimekaa hapa miaka yote hii, hakuna aliyenishika mkono barabarani akaniita maskini. Leo nisomewe mbele ya watu? Mwanamke huyu kipofu, mwanamke huyu hajiwezi? Na yule kijana anasikiliza? Hapana. Sema nyumba. Nyumba inatosha."

Kigingi alimjua mkewe. Ubao wa mninga unaweza kuupinda ukiwa na subira, yeye hapana. Akaahidi.

Wakili akaandika nyumba. Hakuwahi kufika kuiona. Alijua ni ya mbao, akaandika kama wanavyoandika mawakili: kwamba ikibomolewa itaharibika kabisa wala haitaweza kurejeshwa katika hali yake ya awali. Kigingi aliisoma hati kwa kidole, neno kwa neno, akafika hapo akakwama.

"Hapa, mwanangu, pameandikwa haitaweza kurejeshwa."

"Ni lugha ya mahakama, mzee wangu."

"Aa. Lugha." Akatia sahihi. Lakini alijiona kama mtu anayeandika jina lake kwenye kazi ya fundi mwingine.

Siku ya kusikilizwa walikwenda watatu: Kigingi, mkewe, na shemeji yake, kaka wa mke, ambaye kazi yake ni kushona viatu na kusema sana. Mama alivaa gauni lake la kutokea, akaushika mkono wa kaka yake kama mke wa mkubwa anavyosindikizwa, kidevu juu. Ungemwona ungesema anaringa tu. Benchi la mahakama lililia walipoketi. Kigingi akainama kuchungulia chini yake, akaona misumari minne imelegea, akatikisa kichwa.

"Shemeji," mshona viatu akanong'ona, "umekuja kutetea kiwanja au kukagua mabenchi?"

"Mtu atavunjika kiuno hapa."

"Basi awe jaji, tupate nafuu."

"Nyamazeni nyie," mama alisema.

Wakili wao alisema vizuri. Alisema rufaa ina hoja, hawakuchelewa kuja, na wako tayari kutoa dhamana yoyote. Jaji, mzee mwenye miwani na kikohozi, aliandika, akaitikia kwa kichwa. Kigingi alianza kuvuta pumzi. Halafu wakili wa yule kijana akasimama, akaomba ruhusa amuulize mwapaji maswali machache juu ya kiapo chake. Akapewa.

"Fundi, nyumba hii uliijenga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Umeapa kwamba ikibomolewa hairudi. Ina misumari mingapi?"

"Hata mmoja."

"Hata mmoja!" Wakili akageuka kidogo kumwangalia jaji. "Sasa imesimamaje? Au ndiyo kama tulivyosema kule mwanzo, mbao zimeegemezwa tu?"

Lile neno. Kigingi alihisi masikio yanawaka. Kwa miezi alikuwa akilijibu peke yake, akipiga randa, akioga, akitembea njiani, na leo ameulizwa mbele ya jaji. Akasimama wima.

"Hazikuegemezwa. Sikiliza, bwana. Kila ubao una ulimi, na kila ulimi una tundu lake, halina mwingine. Kigingi kinapita hapa." Alionyesha kwa vidole, kiganja kimoja kikiwa nguzo na kingine boriti. "Ukija na nyundo utachoka wewe, yenyewe itabaki. Lakini mimi niliyeifunga, najua pa kuanzia. Unatoa kigingi cha kwanza pale juu ya mlango, cha pili, unashuka. Siku tatu imelala chini yote, haijakatika hata uchane. Na siku tano inasimama tena, popote unapotaka, na huwezi kujua kama iliwahi kufunguliwa. Hiyo ndiyo kazi, bwana. Hiyo siyo kusimamisha."

Mtu mmoja nyuma alisema "ee" kwa kustaajabu, kama wanavyosema watu wakiona kitu kizuri. Wakili wake alikuwa amefumba macho. Hapo ndipo Kigingi aliposikia maneno yake mwenyewe.

"Sina swali jingine, mheshimiwa," alisema wakili wa yule kijana, akaketi taratibu.

Jaji alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Fundi," alisema, "mbali na nyumba yenyewe, kuna jambo lingine lolote mtakalopoteza ambalo halirudishiki? Sema, nakusikiliza."

Kigingi aliangalia kwenye benchi. Mkewe alikuwa ameugeuza uso moja kwa moja kuelekea sauti ya jaji, macho wazi, mikono imetulia juu ya mkoba. Hakuna mtu mle ndani aliyejua. Alikaa kama mtu anayeona kila kitu.

"Hakuna, mheshimiwa," alisema Kigingi.

Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata. Jaji alisema rufaa yenyewe si ya kupuuzwa, na itasikilizwa wakati wake. Lakini anayeomba hukumu izuiwe lazima aonyeshe hasara isiyorudishika, na mwombaji mwenyewe, akiwa chini ya kiapo, ameieleza mahakama jinsi ya kuirudisha na siku zitakazohitajika. Maombi yakatupwa. Wakapewa siku kumi na nne.

Walipokuwa wakishuka ngazi za nje, wakili alimwona mama akiutanguliza mguu hewani, akitafuta ngazi ya chini. Akasimama. Akamvuta Kigingi pembeni.

"Mama haoni?"

"Nyumbani anaona," alisema Kigingi.

Wakili alibana faili kifuani. "Mzee wangu," alisema, "hilo moja lingetosha."

Alilisema kwa sauti ya chini. Lakini mama alikuwa na masikio ya watu wanne.

Kigingi hakutaka vijana wenye nyundo waguse kitu. Alianza kuifungua siku ya tano. Alitoa kigingi cha kwanza juu ya mlango, akakitia mfukoni, na shemeji akapokea mbao moja moja na kuzipanga uani. Kila ubao ulitakiwa utiwe alama kwa patasi ili ujulikane kwao, na Kigingi, aliyejisifu mbele ya jaji, alikuta ubao ukishalala chini unafanana na mwenzake. Miaka thelathini na moja ni mingi. Mkewe akavuta kigoda, akakaa katikati ya uwanja.

"Nileteeni mimi," alisema.

Wakamwekea mapajani. Akaupitisha mkono. "Huu ni wa jikoni, upande wa jiko, una mafuta. Huu ni wa kichwani kwa kitanda. Huu una kovu la siku ile uliyoangusha shoka ukanitukana mimi."

"Sikukutukana wewe, nilitukana shoka."

"Tulikuwa wawili mle ndani, mimi na shoka."

Shemeji akazunguka kimya kimya, akamletea ubao uleule mara ya pili. Mama akaugusa. "Huu umeniletea sasa hivi. Na unanuka gundi ya viatu."

Wakacheka wote watatu, na kicheko kikawaishia pamoja. Mama alibaki ameshika ubao.

"Mimi ndiye niliyekufunga mdomo," alisema.

"Mdomo ulikuwa wangu," alisema Kigingi. "Na niliutumia."

Siku tatu, kama alivyoapa, nyumba ilikuwa imelala chini na haijakatika uchane. Wakaipakia, wakaipeleka upande wa pili wa mji, uani kwa shemeji, kwenye kipande chembamba nyuma ya nyumba yake. Kwa kuwa kulikuwa na ukuta, mlango haukuweza kutazama ulikokuwa ukitazama. Ukageuzwa, ukaangalia machweo. Siku tano nyingine, nyumba ikasimama.

Mama aliingia wa kwanza. Aligusa nguzo, akakikuta kifundo, akageuka kushoto, akaingia jikoni. Alisikika akifungua kabati na kulifunga. Akaenda chumbani, ubao ukalia mbele ya kitanda. Alirudi sebuleni akitabasamu, na Kigingi, ambaye kwa wiki mbili alikuwa hajala sawasawa, akasema, "Si nilimwambia yule wakili? Huwezi kujua."

Asubuhi yake mama alichukua ndoo akatoka. Alikuwa ameambiwa bomba la huku liko wapi. Yeye aliambiwa, miguu yake haikuambiwa. Ilitembea hatua kumi na moja, ikatafuta jiwe bapa, ikapinda kulia, ikamwingiza uani kwa majirani, katikati ya kamba za nguo. Shuka mbichi likamfunika uso. Akarudi nyuma, akakanyaga beseni, likapinduka.

"We mama!" mwanamke mmoja aliita, nusu anacheka. "Huoni?"

Wengine wakacheka pia, kicheko cha kawaida tu cha asubuhi. Halafu wakamwona anavyoitafuta ndoo yake chini kwa mikono miwili, kicheko kikakatika. Mmoja akaja mbio, akamshika mkono. "Pole, maskini. Pole mama. Twende nikupeleke."

Mama alijiachia akapelekwa. Aliingia ndani, akaketi mahali ambapo jua la asubuhi lilikuwa likimpiga usoni, na jua halikuja. Hakutoka tena siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi huo. Ndani aliendelea na kazi zake bila kukosea hata kijiko. Mtu angeingia angesema hapa pana furaha.

Mwezi wa saba wakili alipiga simu. Rufaa imepangiwa tarehe, mwakani. Akasema pia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusema, kwamba yule kijana ameshachimba msingi pale kiwanjani, bomba limehamishwa, na uwanja wote umesawazishwa kwa trekta.

"Jiwe je?" Kigingi aliuliza.

"Jiwe gani, mzee wangu?"

"Basi, mwanangu. Ahsante."

Siku iliyofuata alikwenda duka la vifaa, akaomba misumari ya inchi nne, kilo mbili. Mwenye duka alimtazama.

"Kigingi! Nani amekufa?"

"Nipimie."

Akaanza mlangoni. Alichimbia nguzo fupi, na juu yake akalaza ubao mrefu uliopigwa randa mpaka ukawa laini kama shavu, kwa urefu wa kiuno cha mkewe. Akaendelea hivyo, nguzo kwa nguzo, mpaka bombani. Kila nguzo aliipiga misumari mitatu. Shemeji alitoka na kiatu cha mtu mkononi, akasimama.

"Leo misumari, shemeji? Na mikono yako hiyo?"

"Hii sitaki aje mtu kuniuliza kama inafunguka."

Shemeji akaweka kiatu chini, akaja kumshikia ubao.

Kigingi alikwenda kumwita mkewe. Mama alisita kizingitini. Mbele yake wanawake walikuwa wakifua, na aliwasikia walivyonyamaza.

"Watu wataniona nimeshika fito," alisema.

"Watakuona."

Alinyoosha mkono, akaukuta ubao. Akaupapasa kwa kiganja, akautambua ulaini wake, akajua ni kazi ya nani. Halafu kidole kikagusa kitu cha duara, baridi, kilichozama kidogo kwenye mti. Akarudisha kidole, akakigusa tena.

"Hiki nini?"

"Msumari."

Akakizungusha kidole juu ya kichwa cha msumari. Katika miaka yao yote hakuwahi kugusa hata mmoja kwenye kazi ya mumewe.

"Umepiga mingapi?"

"Mingi."

"Basi haturudi tena kule," alisema, polepole, kama mtu anayesoma alichoandikiwa.

Mama alihamisha ndoo mkono wa pili, akainua kidevu, akashika ubao na kuanza kutembea. Alipowafikia wanawake waliokuwa wakifua, aliwasalimia yeye kwanza.